Punje Zenye Ncha

28 Septemba

Shemeji amenipa msimu mmoja. Amesimama mlangoni na mabuti yake ya matope, mbele ya mama yake, akasema: "Msimu mmoja tu, shemeji. Ukikosa, vijeba vinang'olewa, na sitaki kusikia kilio." Nikamwambia kilio nimeacha tangu nilipoolewa kwenye ukoo huu. Hakucheka. Mama mkwe naye hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo wake.

Vijeba ndiyo kahawa yangu. Alivipanda baba mkwe, marehemu, kwa mbegu alizopewa na rafiki, na mpaka leo vimeishia kifuani kwangu wakati kahawa ya wenzetu inakupita kichwa. Majani madogo, matunda ya kuhesabu. Nilipoingia hapa bibi harusi nikakabidhiwa sehemu hiyo ya bondeni niitunze, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nimeitunza kwa ubishi tu. Ni mahali pekee katika shamba hili ambapo nikisema kitu kifanyike, kinafanyika bila kuulizwa nimetumwa na nani.

Sasa Shemeji amekuza miche mipya nyuma ya nyumba yake, aina inayozaa mpaka matawi yanainama, na anataka kuipanda bondeni mvua zikikolea. Ana wanawe wa kusomesha. Si mtu mbaya. Naandika hilo hapa ili nijikumbushe, maana kuna siku nasahau.

Kilichonipa jeuri ni mafunzo ya chama cha ushirika mwezi uliopita. Mwonjaji wao, huyu tunayemwita Pua, alitupitishia sahani yenye punje za kahawa zilizochongoka huku na huku. Akasema hiyo ni arabika ya zamani, adimu. Mti wake mfupi, majani madogo, matunda machache, ndiyo maana watu wameing'oa karibu kila mahali. Lakini kikombe chake hakina uchungu, na ukiinywa jioni unalala. Ina jina refu la kigeni. Nililiandika kiganjani, jasho likalifuta. Nikanyoosha mkono: "Miti hiyo ninayo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wanavijua vijeba vyangu. Pua peke yake hakucheka. Akasema nimletee kahawa safi ya msimu huu aionje mwenyewe. Ikiwa ndiyo, ushirika utaichukua kando na kahawa nyingine, na hakuna atakayethubutu kuigusa miti.

Haya. Tutaonana.

30 Septemba

Jua kali. Kahawa bado kijani. Nimepalilia mpaka mgongo ukaniambia basi.

5 Oktoba, Jumapili

Mume wangu amepiga simu. Yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu, tunamwona kama mgeni. Nimemweleza habari ya vijeba mwanzo mpaka mwisho, nimemweleza na mabuti ya kaka yake. Kisha akasema, "Elewaneni tu." Huyo ndiye mume wangu. Siku dunia inaungua atapiga simu aseme tuelewane.

10 Oktoba

Tumechuma. Wachumaji wamelalamika kwamba vijeba vinawakunja viuno bure, kikapu hakijai. Katikati ya vijeba kuna miti michache ya kawaida ambayo baba mkwe aliziba nayo mapengo, kwa hiyo mavuno yamechanganyika kidogo. Si neno. Ikikauka nitaziona. Za kawaida ni za mviringo, hazina ncha. Nitazitoa mwenyewe kichanjani.

12 Oktoba, Jumapili

Imemenywa, imechachuka, imeoshwa, leo nimeianika. Kichanja changu kiko mwisho, cha Mama mkwe kiko karibu na jiko.

Nimekaa nikimwangalia Mama akichambua kahawa yake. Anayo miti yake mwenyewe nyuma ya nyumba, aliyoipanda alipokuwa bibi harusi humu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Usichana wake aliumalizia kwenye shamba kubwa la kampuni, kwenye meza za kuchambua, na tangu hapo vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Macho yanaangalia kuku, mdomo unamgombeza jirani, vidole vinatoa punje mbovu. Hakosei. Watu wa ushirika wakiona gunia lililopita mikononi mwake hawalimwagi kulikagua. Zile anazozitoa anazitupia kwenye debe, nasi ndizo tunazokunywa. Tunaiita kahawa ya jikoni. Nimezeeka na kahawa na sijawahi kunywa iliyo nzuri ya shamba langu; nzuri huenda zake.

Huyu mama hajawahi kunisifu. Chakula changu cha kwanza katika nyumba hii alisema kimepoa. Najua yuko upande wa mwanawe. Kama angekuwa upande wangu angesema neno siku ile, angalau angekohoa.

16 Oktoba

Mvua ya ghafla. Tumekimbilia vichanja na maturubai. Shemeji alifunika chake kwanza, kisha cha mama yake, kisha changu. Changu mwisho. Sikumshukuru.

19 Oktoba, Jumapili

Dada yangu amejifungua kwa shida, naondoka kesho alfajiri. Kahawa imebakiza siku chache za jua. Nimemwomba Mama aigeuzegeuze tu na aifunike mvua ikija. Amesema, "Nenda kwa dada yako. Kahawa haina miguu."

22 Oktoba

Kwa dada. Mtoto mzima, mama mzima. Usiku na mchana ni nepi.

25 Oktoba

Nimerudi, na kahawa yangu iko ndani ya gunia, imeshonwa mdomo kwa uzi mweupe, imesimama pembeni ya mlango kama mgeni wa heshima. Mama yuko kwenye kigoda chake. "Nimekumalizia," akasema. "Nimeichambua pia. Peleka bila wasiwasi."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Huyu mama ana magoti mabovu, na amekaa juani kwa ajili ya kahawa ya vijeba! Nilimshika miguu nikamshukuru, akanisukuma, akasema nina harufu ya mtoto mchanga. Gunia limejaa pomoni, zaidi ya nilivyotegemea. Nilifurahi mpaka nikasahau kuuliza lolote.

Labda nimekuwa nikimsoma vibaya.

27 Oktoba

Shemeji amelipeleka gunia ushirika kwenye pikipiki yake. Alijitolea mwenyewe. Nikasema moyoni, kumbe.

1 Novemba

Kimya.

4 Novemba

Kimya. Mvua za vuli zimeanza kujipanga, jioni wingu linasimama juu ya bonde kama linatafuta pa kukaa. Shemeji ameanza kuiondoa miche yake kivulini ili izoee jua.

Mama ameamka jua limeshatoka. Miaka yote namjua anaamka kabla ya jogoo na kulalamika kwamba hakupata lepe la usingizi. Shemeji, akinywa kahawa barazani, amesema kahawa ya siku hizi haina makali, na bado akaongeza kikombe.

8 Novemba

Nimeitwa ushirika. Niliondoka hapa nimevaa gauni langu la kitenge lile la harusi ya binamu, kwa sababu ndivyo nilivyo mjinga.

Pua ana chumba kidogo chenye dirisha moja, meza ya duara inayozunguka, vikombe vyeupe na ndoo ya kutemea. Alinikalisha. Ni mtu mpole, mwembamba, anazungumza akiangalia meza.

"Mama, kahawa yako ni nzuri. Ni safi. Imechambuliwa kwa ustadi sana."

Nikangoja.

"Ni ya kawaida," akasema.

Akanimwagia kiganjani punje alizokoboa. Za mviringo. Nono, zilizolingana, nzuri za kupiga picha. Hakuna hata moja yenye ncha. Nikamwambia hii siyo kahawa yangu. Nikamuuliza gunia lilikuwa limefunguliwa? Hapana, lilikuja limeshonwa, uzi mweupe. Nikamwambia twende basi akaione miti kwa macho yake. Akatikisa kichwa taratibu. "Siionji miti, mama. Naonja kikombe. Niletee punje zile, hata kiganja kimoja."

Sina kiganja. Niliweka zote kwenye gunia, na mvua imeshaangusha zilizobaki mtini.

Njia yote ya kurudi nilikuwa natafuta ni nani. Na sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Nani alilibeba gunia? Nani alijitolea? Nani ana miche inayongoja bonde langu?

Mama alikuwa mlangoni, akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wamesema ni nzuri na ni safi. Uso wake uling'aa, akaingia ndani akiimba. Sikuwa na nguvu za kumweleza lililobaki.

10 Novemba

Leo nimemwita shemeji yangu mwizi.

Mama alikuwa kliniki kupima moyo, kwa hiyo hakusikia, nashukuru. Tulikuwa mezani, mimi, Shemeji na fundi aliyekuja kurekebisha mashine ya kumenya. Shemeji akasema, bila ubaya, "Nimesikia habari za ushirika huko kwao, pole. Basi ikifika tarehe ishirini na tisa nitaleta vijana tuanze bondeni." Pole! Ile pole ndiyo iliyoniwasha. Nikasimama. Nikamwambia yeye ndiye aliyebadilisha gunia langu njiani, akashona upya, akapeleka ya kwake. Nikamwambia baba yake anageuka kaburini. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika, mengine yalimhusu mkewe, ambaye hayumo kabisa.

Fundi alitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Shemeji hakupaza sauti. Alisema, "Haki ya Mungu, shemeji, sikuligusa gunia lako." Akanawa mikono na chakula kimebaki, akaenda. Nilimwita mwongo akiwa amenipa kisogo. Hakugeuka.

11 Novemba

Shemeji hakuja kula.

12 Novemba

Hakuja. Mama anauliza. Nimesema ana kazi.

14 Novemba

Mvua usiku kucha. Nimeshuka bondeni asubuhi. Vijeba vimenyeshewa, vimesimama pale na ufupi wake kama watoto waliosahauliwa shuleni. Nimelia kidogo. Nimejikaza, nimerudi.

16 Novemba, Jumapili

Mume wangu kwenye simu: "Elewaneni." Nimemkatia.

19 Novemba

Nitaandika yote.

Mama ameamka na homa, nikamwambia alale, kahawa nitakaanga mimi. Ni kazi yake siku zote, hataki mtu aguse kikaango. Nikafungua debe la kahawa ya jikoni, nikachota, nikatwanga kinuni kutoa maganda, nikapepeta. Na pale kwenye ungo zikabaki punje nyembamba, ndefu, zimechongoka huku na huku.

Nilichukua kiganja kizima nikaenda nazo mlangoni penye mwanga. Nikarudi nikainamisha debe. Zote. Kahawa yangu yote, au kilichobaki chake, kwani debe lilikuwa limefika chini.

Nilikaa sakafuni. Kwanza nilifikiri juu ya kahawa. Halafu nikafikiri juu ya Shemeji, na hapo nikatamani ardhi ifunguke.

Nilimpelekea Mama uji. Nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, hii kahawa ya jikoni ya siku hizi ni ipi?"

Akatabasamu. Sikumbuki kama nimewahi kumwona akinitabasamia. "Ni ile yako, mwanangu. Usijali, hakuna aliyeona."

Akanieleza akiwa amelala, ananishika kidole. Kule kwenye shamba la kampuni nyapara alikuwa akikuta punje moja yenye ncha kwenye sinia lako, moja tu, analimwaga lote chini mbele ya wenzako, uokote uanze upya. Punje yenye ncha ilikuwa ni aibu kuliko iliyooza, kwa sababu iliyooza waliita bahati mbaya, yenye ncha waliita uvivu. "Sasa nikakuta kichanja chako kimejaa ncha! Sijawahi kuona uchafu kama ule. Nikasema, huyu binti anakwenda kuchekwa mbele ya watu, na kule ukumbini walishamcheka. Nikazitoa zote. Zikabaki kidogo sana, nikakujazia za kwangu. Zile nzuri nilizoweka." Akafumba macho. "Na si walisema ni nzuri?"

"Walisema, Mama."

"Mbona huyu shemeji yako bado anataka kung'oa, basi? Nitasema naye."

Nikamwambia asante. Ningemwambia nini kingine? Miaka yote nimekaa nikihesabu kwamba hanipendi, kumbe siku aliponipenda kwa nguvu zake zote ndipo aliponimaliza.

20 Novemba

Nimekwenda kwa Shemeji. Alikuwa anamwagilia miche. Imekuwa mikubwa, mizizi inapasua viriba.

Nikasema, "Nimekuja kuyameza maneno yangu."

Akaendelea kumwagilia. "Yote? Yalikuwa mengi."

"Yote. Na ya mkeo nitakwenda kuyamezea kwake."

Nikafungua kiganja. Akachukua punje moja, akaiangalia, akaiuma. Nikamweleza. Nilipofika kwa nyapara aliweka kopo chini, akageuza ndoo akaikalia.

"Mama?" akasema.

"Mama."

Alicheka, halafu akajifuta macho kwa mkono wenye udongo. Akasema mama yao alikuwa akiwasimulia habari ya lile sinia walipokuwa wadogo, kila walipofanya kazi nusunusu. Kisha akaniangalia. "Usimwambie."

"Ameshaniuliza kwa nini bado unataka kung'oa."

"Atakuja kuniuliza na mimi. Nitajua la kumjibu. Na kama watu wanasema mimi ni mwizi, waache. Nimekuwa mwizi wiki nzima na nguo zangu bado zinanitosha."

Nilishindwa kumtazama. Hiki ndicho kichwa kigumu nilichokuwa nakilalamikia kurasa zote hizi.

Lakini kuhusu bonde hakunipa hata shubiri moja. Alinionyesha mizizi. Mvua hii ikipita, miche imekufa. Na sehemu nyingine hana, shamba lote limepandwa. Alisema kwa upole na hilo ndilo lililoniuma. Tulikung'uta debe mpaka chini, tukapata kifuko kidogo. Amekipeleka kwa Pua mwenyewe, jioni hiyohiyo, kwenye mvua.

24 Novemba

Nimekwenda kumwomba radhi mke wa Shemeji. Amenipa kiti kibovu makusudi. Nimekalia.

26 Novemba

Pua amepiga simu. "Mama, umekaa?" Nilikuwa nimesimama zizini, nikasema nimekaa.

Ndiyo yenyewe. Alisema ameionja asubuhi, akaionja tena ilipopoa, akamwita katibu naye akaonja. Alisema ni kama maji ya muwa yaliyopitishwa kwenye ganda la chungwa. Sauti yake ilikuwa inakimbia, yule mtu mpole. "Una kiasi gani?"

"Tumeinywa."

"Yote?"

"Yote. Na wageni. Na fundi wa mashine."

Nilidhani atanicheka. Alisema, kama mtu aliye msibani, "Basi tungoje msimu ujao. Ushirika hauwezi kuchukua kisichokuwepo. Lakini tafadhali, mama, miti hiyo isiguswe."

Nimempelekea Shemeji habari. Alifurahi, nakiri, alifurahi kweli. Kisha akapangusa uso. "Kwa hiyo hii miche niifanyeje, shemeji? Niile?" Nimemwambia aache nusu ya vijeba. Akasema hata nusu ya miche ikibaki nje amekwisha, ameshaahidi mavuno yake kwa ada za watoto. Tulibaki tumesimama kila mmoja akiwa na haki yake, na haki zote mbili hazitoshi bonde moja.

Tarehe iko palepale.

27 Novemba

Mama amepona, na amesikia. Sijui nani amemwambia, nadhani mke wa fundi. Amemtuma mtu amwite Shemeji, aje kula mchana, amri. Ametuweka mezani pande mbili, yeye katikati, na kikombe chake cha kahawa, mabaki ya mwisho ya vijeba yaliyokwisha kukaangwa.

"Nimeambiwa huyu amekuita mwizi," akasema. "Kwa nini?"

Nilifungua mdomo, Shemeji akaniwahi. "Ana haki, Mama. Nilibadilisha gunia njiani. Nikapeleka la kwangu. Ndiyo maana tumekosana, lakini tumeshasameheana."

Mama alimtazama. "La kwako?"

"La kwangu."

"Na wao wakasema ni safi? Imechambuliwa kwa ustadi?"

"Ndiyo."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kifua, nikainuka. "Wewe! Kahawa yako wewe waseme ni safi? Kahawa yako ina vijiti, ina mawe, mwaka juzi ilikuwa na kifungo cha shati! Ile waliyoionja nimeichambua mimi, ni ya kwangu ile, miti yangu."

Shemeji akainamisha kichwa. Mama akaendelea kucheka kidogo, halafu akapunguza, halafu akaacha.

"Ni ya kwangu waliyoionja," akasema tena, polepole. Akanigeukia. "Basi ya kwako waliionja lini?"

Mama akatazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake. Akakiweka mezani kwa mikono miwili, akakisogeza mbali naye.

"Zile zenye ncha," akasema.

"Mama, hukujua," nikasema. "Ni mimi sikukueleza."

"Nilikuwa najua. Ndiyo shida yake, nilikuwa najua." Akainuka kwa kushika meza, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

28 Novemba

Hajatoka. Chakula nimekiweka mlangoni, nimekikuta vilevile. Shemeji amekuja amesimama nje ya dirisha lake, amesema "Mama" tu, basi. Vijana wa kung'oa wanakuja kesho.

29 Novemba

Niliamshwa na majembe.

Nilitoka bila viatu nikakimbilia bondeni. Sijui nilitaka kufanya nini, kulala mbele yao labda. Bondeni hapakuwa na mtu. Vijeba vyote vimesimama, vimelowa umande, na majembe bado nayasikia. Yalikuwa nyuma ya nyumba.

Nilipofika, nusu ya miti ya Mama ilikuwa chini, mizizi juu. Vijana wanachimba bila kuzungumza. Shemeji amesimama kando na kofia mkononi. "Usinitazame mimi," akasema. "Nimekataa mpaka nimechoka. Amesema nisipowaongoza vijana atachimba mwenyewe."

Mama alikuwa kwenye kigoda katikati ya ile miti, amevaa nguo ya kanisani, anawaonyesha kwa fimbo ni upi unaofuata.

"Mama, hii ni kahawa yako," nikasema.

"Naijua."

"Ni bora kuliko zote kwenye shamba hili."

"Ndiyo. Nimeijua mpaka hakuna kilichobaki cha kujua. Ya kwako ndiyo siijui." Akaelekeza fimbo. "Ule."

Shemeji akasogea, akachuchumaa mbele yake. Akamwomba aache mmoja, ule wa pembeni, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Miche itatosha hata hivyo. Mama alifikiria kweli, niliona. Kisha akasema, "Ukiacha mmoja nitakuwa naupita kila asubuhi nikijihurumia. Toa wote."

Wakautoa. Ulikuwa umeshika ardhi kuliko mingine, ilibidi vijana wote wauvute, na ulipoachia ulitoa sauti ambayo Mama hakuwa ameitegemea. Alijishika mdomo. Nilikwenda nikapiga magoti kwenye udongo karibu na kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliniegemea, mzima mzima, na alikuwa mwepesi sana. Nilisema "Mama", nikasema tena. Miaka yote nimemwita hivyo kwa sababu ni mama wa mume wangu. Leo nilikuwa namwita yeye.

Miche yote imepandwa nyuma ya nyumba, kwenye mashimo ya miti ya Mama. Sasa hivi mvua inanyesha.